Papai, Kikombe na Sufuria la Pilau

Mei 2020 papai la Tanzania lilikutwa na korona. Rais John Magufuli alikuwa Chato akimwapisha waziri, na katika hotuba yake akaeleza kwamba sampuli zisizo za binadamu zilipelekwa kimyakimya kwenye maabara ya taifa, zikiwa zimepachikwa majina na umri wa watu. Moja ilitoka kwa mbuzi, nyingine kwenye papai, nyingine kwenye fenesi. Majibu yakarudi: mbuzi anavyo virusi, papai nalo linavyo. Habari hiyo ilizunguka dunia kwa siku chache tu, kuanzia magazeti makubwa hadi vijiwe vya kahawa.

Jioni ile mdogo wangu wa kiume alinipigia simu kutoka Morogoro. Hakutaka hata kusalimia.

"Dada, pole. Nasikia chakula chako kimewekwa karantini."

Wakati huo nilikuwa nimeshaacha nyama, samaki, mayai na maziwa, na kifungua kinywa changu kilikuwa papai lililokamuliwa ndimu. Nilicheka mpaka choroko nilizokuwa nazichambua zikamwagika. Nikamjibu kwamba habari ya mbuzi ndiyo inayomhusu yeye, maana mbuzi pekee ninayemwingiza jikoni mwangu ni wa kukunia nazi.

Tulicheka sana mwezi ule. Ila siku zilezile za hotuba ya papai takwimu za taifa ziliishia kwenye namba hizi: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ukiuliza leo, kila mtu anakumbuka papai. Wanaokumbuka namba zile ni wachache. Mtaani kwetu tuliisoma hali kwa bei ya tangawizi na malimao, kwa harufu ya mchaichai na mwarobaini kutoka kwenye nyungu za majirani waliokuwa wakijifukiza chini ya mablanketi, na kwa wingi wa viti vya plastiki vilivyokodishwa kwa ajili ya misiba. Hakuna aliyetuambia kitu. Tulijua tu.

Tangu hapo sizipuuzi habari za ajabu. Wengi huziruka wakiziita udaku, au huzisoma mwisho kama peremende baada ya kula. Mimi huanza nazo. Nimekaa na redio jikoni tangu utotoni, na nimeona kwamba katika nchi yetu mambo mazito hayapendi kuingia kwa mlango wa mbele. Hupitia uani: kwenye kisa cha kuchekesha, kwenye wimbo wa dansi, kwenye sufuria. Mlango wa mbele hupita hotuba.

Nimelelewa Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Utoto wangu uliangukia miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, wakati nchi ilipokaukiwa. Sabuni ilikuwa ya kutafutwa, sukari ya kugawiwa, na ugali tuliupika kwa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ambao hata mashabiki wa Simba waliula bila ubishi. Mwaka 1983 Edward Sokoine alipoanzisha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, watu walitupa bidhaa usiku ili wasikutwe nazo. Nyama kwetu ilikuwa jambo la Ijumaa, na si kila Ijumaa.

Kwa hiyo mama alipika kile kilichokuwepo: mbaazi za nazi, maharage, kisamvu, matembele, bamia, mlenda, mchicha na nyanya chungu. Alikuwa fundi wa tui. Tui jepesi lilitangulia, likachemka pamoja na mboga mpaka vikaelewana. Tui zito likaingia mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa, na upawa haukutulia mpaka sufuria lishuke, kwa sababu tui ukilipa nafasi ya kuchemka peke yake hukatika, mafuta yakaenda huku na maji kule. Kisamvu kilitwangwa kwenye kinu na kuchemshwa kwa muda mrefu, maana majani ya muhogo yana sumu na hayataki haraka. Karanga zilizosagwa zilifuata, tui likafunga kazi.

Na bado tuliona aibu. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko ladha yenyewe. Jirani yetu mmoja alikuwa na desturi ya kutoka barazani baada ya chakula cha mchana akiwa na njiti mdomoni, anachokonoa meno taratibu ili mtaa ujue kwake kumeliwa nyama. Sisi watoto tulijua kabisa kwamba kwake, kama kwetu, kulikuwa na kunde, kwa kuwa tulicheza na wanawe na midomo yao ilinuka kunde. Mama naye, mgeni akibisha hodi wakati wa kupakua, alisema "karibu" kisha akaongeza kwa sauti ya kujitetea, "hatuna kitu leo, ni mboga za majani tu." Chungu kizima cha kisamvu cha karanga kilichompotezea asubuhi nzima, na bado anasema hana kitu!

Baba alikuwa na redio ya National ya betri nne. Ilipofika saa ya taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam, nyumba ilinyamaza. Habari ikifuatiwa na Mazungumzo Baada ya Habari, kimya kiliendelea, na ole wake atakayeangusha kifuniko. Nilikuwa mdogo mno kuelewa yaliyosemwa, ila nilijua sauti ile haikuwa ikizungumza nasi, ilikuwa ikituelekeza. Baada yake ndipo ulipoingia muziki, na nyumba ikarudi kuwa nyumba. Mama alipandisha sauti kutoka jikoni kwa kumwambia baba "ongeza kidogo." Ilikuwa zamu ya bendi za Dar es Salaam, JUWATA na Mlimani Park, magitaa yanafukuzana na tarumbeta zinapokezana, na katikati ya yote hayo mwimbaji analalamika kuhusu mshahara usiofika mwisho wa mwezi, kuhusu mke aliyedharauliwa na ndugu wa mume, kuhusu tajiri asiyewasalimu watu. Bendi hizi zilirekodiwa kwenye studio za redio hiyohiyo ya serikali, kwa sababu studio nyingine zilikuwa adimu. Yaani redio ile asubuhi ilituambia nchi inasonga mbele, na jioni iliwaacha wanamuziki waseme kwamba hali ni ngumu. Huo ndio ulikuwa mjadala wa kitaifa niliousikia katika enzi za chama kimoja, na ulipigwa kwa gitaa.

Kuna mara redio ilikataa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Remmy Ongala, yule Mkongo mzaliwa wa Kindu aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978 na kuja kuwa Mtanzania kuliko wengi wetu, alitoa wimbo wake "Mambo kwa Soksi." Soksi zenyewe hazikuwa za miguu. Alikuwa akiwahimiza wanaume wavae kondomu, na UKIMWI wakati huo ulikuwa na miaka kadhaa tangu wagonjwa wa kwanza waonekane mkoani Kagera mwaka 1983. Redio ya taifa haikuupiga. Nilikuwa nimekuja Dar kusoma, nikausikia kwenye daladala, kwenye kaseti iliyochakaa, abiria wazima wakijifanya wanatazama nje ya dirisha na wanafunzi tukibanana kwa kicheko. Wizara ilikuwa na mabango yenye maneno ya kificho. Remmy, kwa nywele zake za rasta, alisema waziwazi kile ambacho kila nyumba iliyokuwa ikiuguza ilitaka kusikia. Leo kituo cha daladala pale Sinza kinaitwa Kwa Remmy. Mabango sijui yalikwenda wapi.

Miaka ishirini baadaye, Machi 2011, kikaja kikombe.

Msomaji kijana huenda amesikia tu. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu, alikuwa akitoa dawa kijijini Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro. Dawa ilichemshwa kutokana na mti uitwao mugariga. Kikombe kimoja kiliuzwa shilingi 500, unakunywa mara moja basi, na sharti lilikuwa upewe kwa mkono wake mwenyewe. Alisema ameelekezwa na Mungu katika ndoto, na kwamba inatibu magonjwa sugu, kisukari na UKIMWI vikiwemo. Foleni ya magari ilienda kilomita na kilomita porini. Wagonjwa walitolewa wodini wakapelekwa kule, wengine wakafia njiani. Wenye fedha walishuka kwa helikopta, na viongozi wa umma walipigwa picha wakiwa wameshika vikombe. Haukupita muda, vikombe vingine vikaota mikoani kama uyoga.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa na kisukari. Ukoo ulikaa kikao, kama ilivyofanyika katika nyumba nyingi mwezi ule, na kikao kiligawanyika. Vijana wenye shahada tulipinga. Wazee walituuliza swali moja tu: kwani hospitali imempa nini? Hatukuwa na jibu la kumridhisha mtu, kwa sababu tulijua jinsi shangazi alivyokuwa akiambiwa kila mara dawa zimekwisha, nenda kanunue. Tukachanga nauli.

Aliporudi nilikwenda kumwona. Alikuwa amekonda na ana furaha. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu, kaa nikusimulie." Akasimulia vumbi la Mto wa Mbu, usiku wa kulala ndani ya gari na watu wasiojuana, Waislamu na Wakristo wakipokezana dua, chupa ya maji iliyouzwa bei kubwa kuliko kikombe chenyewe. Nikamuuliza, kwa woga, kama ameacha vidonge. Akafungua pindo la kanga yake. Vilikuwamo, vimefungwa kwenye kijikaratasi.

"Kikombe nimekunywa kwa imani," akasema, "na vidonge nakunywa kwa akili. Vyote kanipa Mungu, mimi nichague kwa nini?"

Mwandishi wa nje aliyekwenda Samunge angeandika kuhusu Waafrika na ushirikina wao, na wako waliofanya hivyo. Mimi niliona foleni ya watu ambao zahanati zilishindwa kuwahudumia. Wimbo wa Remmy na kikombe cha Babu, mimi naviweka kapu moja kama maswali mawili kuhusu ugonjwa uleule, na hukumu yangu ni kwamba waliokuwa na mamlaka waliuonea aibu wimbo ambao ungeokoa watu, wakakipungia mkono kikombe ambacho hakikuokoa. Mzee Mwasapile alifariki Julai 2021. Shangazi alitangulia, lakini aliishi miaka mingi baada ya safari ile, akiwa na vidonge vyake pindoni.

Sasa turudi jikoni, maana huko nako kuna siasa, tena ya wazi zaidi.

Mwaka 2005, wakati wa kampeni, nilikuwa likizo Tanga. Uani kwa balozi wa nyumba kumi kulikuwa na masufuria ya kukodi, kuni zimepangwa, na wanawake wa mtaa wameitwa "kusaidia kukoroga." Mgombea udiwani alikuwa na wageni, tuliambiwa. Wageni hao tulikuwa sisi. Mama alikwenda, akarudi na hotpoti lililojaa pilau ya ng'ombe na kachumbari juu yake. Nikamwambia, kwa ule ujuzi wa watu wa mjini, kwamba hiyo ni rushwa. Hakukasirika.

"Kula, mwanangu. Ng'ombe huyo tumemnunua wenyewe, hatujui tu ilikuwa siku gani."

Ilikuwa pilau nzuri, sitasema uongo. Kisheria haikuwa rushwa wakati ule. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilikuwa imerekebishwa ili kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura. Mswahili anapenda ukarimu, na wabunge wetu waliijua vizuri sehemu hiyo yetu laini. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake walikwenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Takrima ikafa kwenye vitabu vya sheria. Masufuria hayakusoma hukumu.

Ndiyo maana mwaka 2020 sikuungana na waliomcheka Hashim Rungwe, mgombea urais wa CHAUMMA, aliponadi sera ya ubwabwa. Nchi nzima ilimgeuza kichekesho, ikamwita Mzee wa Ubwabwa. Sikumpigia kura, lakini nilimheshimu kwa jambo moja: yeye aliahidi wali jukwaani, mchana, kipaza sauti kikiwa wazi, tena kama haki ya mwananchi. Wenzake waliupakua gizani kama fadhila. Ukitaka kujua mgombea anakuonaje, tazama sufuria lake lilipo.

Kuhusu kuacha nyama kwangu, watu walikuwa na maelezo kabla sijatoa ya kwangu. Mjomba aliuliza kwa upole kama nimepewa masharti na mganga. Fundi wangu wa cherehani alitaka kujua nimekuwa Msabato lini. Kazini walikubaliana kwamba ni presha, wakaanza kuniongelesha kwa sauti ya chini. Kwa kweli ilianza Ramadhani. Sisi watu wa pwani tunafungua kwa uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi, tambi, kunde, na bajia pembeni. Mwezi ulikatika, Idi ikafika, nikapakuliwa pilau, na nikatambua kwamba kwa siku zote zile sikuwa nimeikumbuka nyama hata kidogo. Nikajaribu mwezi mwingine bila kumwambia mtu. Baadaye ndipo nilipomfikiria ng'ombe mwenyewe, na maji na malisho anayohitaji, na yale malori yanayopita Pugu yakiwa yamemsimamisha juani. Sababu za heshima hizo zilikuja nyuma, mguu ukiwa umeshatangulia.

Kuna wanaoniambia huu ni uzungu. Ni kweli kwamba chama cha kwanza cha wasiokula chochote cha mnyama kilianzishwa Uingereza, na Donald Watson na wenzake, Novemba 1944. Lakini hakuna Mwingereza aliyemfundisha bibi yangu mbaazi za nazi, na mahamri ya tui na iliki yanayozisindikiza hayana yai wala tone la maziwa. Na pale Dar, Kisutu na Upanga, wamo Wahindi ambao hawajala nyama vizazi na vizazi. Wajaini wenye msimamo mkali hawali hata kitunguu wala kiazi, kwa kuwa kuking'oa ni kuua mmea mzima na wadudu wa udongoni. Nikiwafikiria hao najiona mlafi.

Tabu yangu ya kwanza ilikuwa pilau. Maharage hayana mwenyewe, lakini pilau Tanga ina wazee wake. Nilijaribu uyoga, ukatoa maji na kuufanya wali ugandane. Nikajaribu soya ya mifuko, ikawa kama sponji. Kisha, katika msimu wa mafenesi, nikakumbuka kwamba fenesi changa, kabla halijaanza kunukia wala kupata sukari, nyama yake huchambuka nyuzinyuzi. Kulikata ni vita. Utomvu wake hunata kwenye kisu, kwenye vidole, kwenye bomba la maji, na sabuni haiuwezi. Lazima ujipake mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla ya kuanza, na utandike gazeti la zamani. Mengi ya magazeti yangu ya uchaguzi yameishia hapo, na sioni kama yamedhalilika.

Ukishalikata, lichemshe vipande kwa chumvi na ndimu mpaka vilainike, vimwage maji, kisha viroweke kwenye tangawizi, kitunguu saumu na bizari nzima iliyotwangwa. Vitunguu maji vikaange mpaka viwe rangi ya kahawa iliyoiva. Hapo ndipo wengi hukosa subira, na hapo ndipo rangi ya pilau inapotoka, wala haitoki kwenye nyama. Tia iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Tia fenesi, liache likamatike kidogo chini ya sufuria, ndipo viazi, mchele na tui jepesi badala ya supu. Palia makaa juu ya kifuniko. Mdogo wangu wa Morogoro alikula sahani ya kwanza bila kuuliza. Katikati ya sahani ya pili akasimama.

"Hii nyama gani, Dada?"

"Fenesi."

"Lile lililopimwa?"

Akamaliza sahani.

Naomba nisieleweke vibaya. Chakula changu hakitibu kitu. Nasema hivi kwa sababu simu yangu hujaa ujumbe wa mlonge unaotibu magonjwa 300, wa maji ya bamia yanayofuta kisukari, wa mbegu za papai zinazosafisha ini, na wanaonitumia huamini kwamba mimi ni mwenzao. Si mwenzao. Mimea haina vitamini B12 ya kutegemewa, na asiyekula chochote cha mnyama asipoipata kwa vidonge au chakula kilichoongezwa, mishipa yake ya fahamu itamdai. Mimi navimeza vidonge vyangu, vya duka la dawa, na huwa namkumbuka shangazi kila ninapofungua kichupa. Anayekuambia jani moja linatosha kwa maradhi yote anafungua Samunge nyingine, ila yake haina foleni, iko kiganjani.

Kinachonisumbua zaidi kwa sasa ni harusi. Harusi ya Dar es Salaam ina kamati, kamati ina mwenyekiti, mwekahazina na kundi la simu ambalo halilali. Nachanga kama wenzangu. Siku ikifika, MC anawaita watu kwa meza, muziki unapungua, na mimi nafuata foleni nikiwa na sahani mkononi na matumaini kidogo. Pilau imepikwa kwa supu ya ng'ombe. Wali mweupe umetiwa siagi. Ndizi zina nyama. Maharage, tegemeo langu la mwisho, yamekaangwa kwa samli ili yapate hadhi. Mboga za majani zimekatiwa vipande vya nyama juu yake kama mapambo. Narudi mezani na kachumbari, tikiti maji na soda, mchango wangu ukiwa umeliwa na wengine. Meza yangu hunihurumia, na mara zote kuna mama mmoja mwenye roho nzuri anayenisukumia paja la kuku akisema, "Kula tu, leo Mungu hatakuona."

Yule jirani wa njiti hajafa. Amehamia kwenye kamati za harusi. Ndiye anayesema kwamba wageni wakipewa maharage matupu watatusema, ndiye anayepandisha bajeti ya nyama mpaka bwana harusi anaingia kwenye ndoa na deni la bucha. Na ukiwachunguza wageni wenyewe, nusu yao wana presha, kisukari au gauti na wameambiwa na daktari wapunguze kitu hichohicho, wengine wako kwenye Kwaresima, na wengine wanapenda tu mbaazi lakini wataziombea wapi?

Basi ndugu wanakamati, nina ombi, na nimeshalipa mchango. Wekeni sufuria moja. Liwe la mbaazi au la kunde, la nazi, bila samli na bila supu, na wali wake pembeni usiotiwa siagi. Kilo tano za mbaazi haziwezi kuwafilisi walionunua keki ya ghorofa. Mwambieni mpishi alipike vizuri kama anavyolipika la nyumbani kwake, lisiwe la adhabu. Na MC asilitangaze kwamba ni la wagonjwa.